Kiingereza cha Jikoni

Kijiwe chenyewe si cha kujivunia: ubao mmoja mrefu umelazwa juu ya matofali, nyuma ya ukuta wa hospitali, kati ya duka la dawa na karakana ya baiskeli. Ila usiudharau. Juu ya ubao ule serikali zimeundwa na kuvunjwa, timu zimepangwa upya, na ndoa za watu zimesuluhishwa bila wenyewe kuwa na habari. Sheria ya pale ni moja tu, marufuku kusema "sijui". Ukisema sijui, kahawa ya watu wote iko juu yako. Ndiyo maana hakuna swali linalokosa jibu pale, na majibu mengine, Mungu atusamehe, afadhali yangebaki tumboni. Basi Jumatano ile, saa kumi alasiri, Shangazi alitoka zamu kwa lango la nyuma, kitambaa cha jikoni bado kichwani, akajipenyeza katikati ya wanaume na kukaa.

— Leo sitaki siasa wala mpira, akasema. Kesho saa tatu asubuhi nina usaili wa upishi mkuu. Nataka Kiingereza, na nakitaka sasa hivi.

— Karibu, shemeji, akasema Birika, muuza kahawa, mdogo wa marehemu mumewe. Kiingereza kipo. Kikombe kwanza.

Shangazi ni shangazi wa kila mtu pale nyuma ya hospitali. Miaka kumi na sita amekuwa msaidizi jikoni, amewaona wapishi wakuu watatu wakija na kuondoka, na wawili kati yao yeye ndiye aliyewaonyesha swichi ya jiko ilipo. Kupika anajua, hilo halina mjadala. Tatizo ni kwamba usaili wa cheo kile hufanywa kwa Kiingereza, na ameshaanguka mara mbili.

— Mara ya kwanza nilibabaika, akasema, sawa, hilo nalikubali. Lakini mara ya pili nilikuwa najibu vizuri kabisa, mpaka yule mwenyekiti mwenye tai akaniuliza ningefanya nini na mpango uliookwa nusu. Nikamwambia aurudishe kwenye tanuri dakika kumi na tano.

Spana, fundi baiskeli, alipasuka kicheko. Akautazama uso wa Shangazi, akakimeza.

— Wakatazamana, akaendelea Shangazi, kumbe wao husema hivyo kwa mpango usiofikiriwa vizuri. Wakatabasamu. Tabasamu lile, jamani, nimelala nalo miaka miwili. Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto, nasema ukweli. Na mwakani nafika hamsini na tano, hawamchukui tena mtu wa umri huo. Kwa hiyo ni kesho au basi. Kamusi, nifundishe maneno yao ya jikoni, yote, moja baada ya moja. Siondoki hapa.

Kamusi alikohoa kwa heshima. Huyu alichambua barua posta miaka thelathini, na Kiingereza chake, kwa maelezo yake mwenyewe, alikipata kwenye postikadi za watu. Anaapa hakufungua bahasha hata moja.

— Shangazi, umekuja mahali penyewe, akasema. Sikiliza. Mwingereza akiwa na matatizo, anasema yuko ndani ya maji ya moto.

— Ndani?

— Ndani kabisa. Akihojiwa na wakubwa, anasema amechomwa juu ya makaa. Kazi ikiwa nyepesi, anaiita kipande cha keki. Jambo likiahirishwa, wanasema limesogezwa jiko la nyuma.

Shangazi alichomoa kalamu kwenye kitambaa cha kichwa na kuanza kuandika nyuma ya ratiba ya zamu. Aliandika kwa kukandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

— Na mtu akighushi hesabu za ofisi? akauliza Spana.

— Amepika vitabu.

— Aa, hapo hatuna ugomvi nao! Hata sisi tunapika. Tunapika majungu, tunapika matokeo, mtu akifeli tunasema kachemka. Kwani wao wana nini cha ajabu?

— Cha ajabu ni wingi, akasema Kamusi. Wewe una matatu, manne. Yule kila akifungua mdomo unasikia sufuria.

— Kwa nini? akauliza Shangazi. Nikijua kwa nini, nitashika haraka.

Lo! Hapo ndipo alipokosea. Kwenye kijiwe ambacho sijui ni marufuku, usiulize kwa nini kama una haraka.

— Baridi, akasema Birika papo hapo. Kwao baridi ni kali, joto liko jikoni peke yake. Kwa hiyo kila kitu wanafanyia jikoni. Posa jikoni, msiba jikoni, kesi jikoni. Hakimu anahukumu huku anageuza mayai.

— Umewahi kufika? akauliza Spana.

— Nina jokofu. Nalijua baridi.

— Hapana, bwana. Sababu ni kwamba hawapiki, akasema Spana. Mtu husema asichokuwa nacho. Mtazame kapera, mdomoni mwake ni harusi tu kutwa. Wale wanakula mkate na kitu cha kopo, basi hamu yote imeishia kwenye maneno. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? akauliza Kamusi.

— Inaingia kwa mlango wa nyuma. Wewe endelea kunywa.

Kamusi aliinua mkono kama trafiki.

— Nyote mmepotea. Mimi nimesoma.

— Postikadi, akasema Spana.

— Nimesoma! Zamani za kale mabwana wao walikuwa na majumba makubwa, na wapishi ndio waliosikia siri zote. Wapishi wakatunga lugha yao ya kuwasengenya mabwana mbele yao, bwana asielewe. "Leo viazi ni vya moto," kumbe bwana ana deni. Mwisho mabwana nao wakaiga wakidhani ni Kiingereza cha kisasa. Ndiyo hicho leo kinatumika mpaka maofisini.

— Kwa hiyo, akasema Birika, macho yamemtoka, Kiingereza chote ni umbea wa wapishi?

— Chote. Na jeshi lao pia. Jenerali wao wa kwanza alikuwa mpishi. Ndiyo maana wakienda vitani wanaanza kwa kuuliza nani ana njaa.

— Haba na haba hujaza kibaba! akasema Spana, ameguswa, ingawa hakuna aliyejua kibaba cha nini.

Shangazi alipiga ubao kwa kiganja. Vikombe viliruka.

— Nyie wanaume mtaniua! Kesho mimi siulizwi habari za majenerali. Nimeandika maneno manane. Nipeni usaili hapa hapa, tena kweli kweli, bila kunionea huruma.

Basi wakajipanga. Kamusi mwenyekiti, Spana mjumbe, Birika katibu, maana ndiye mwenye daftari la madeni. Spana alijifunga tambara la grisi shingoni liwe tai. Kamusi akauliza kwa Kiingereza, sauti imetoka puani:

— Mama, ukipokezwa kiazi cha moto, utafanya nini?

Shangazi alitazama karatasi yake. Kiazi kilikuwamo, alikiandika mwenyewe, lakini maana ilikuwa imeshachanganyika na ile ya keki.

— Nitasema... ni kazi nyepesi?

— Aa, Shangazi! Kiazi ni jambo gumu ambalo kila mtu anamrushia mwenzake. Haya. Na supu iliyoharibika kwa wingi wa wapishi?

— Hiyo nimeiona kwa macho yangu, akasema Shangazi. Mwaka juzi, sherehe ya wauguzi, chumvi iliwekwa mara tatu.

— Hapana! Huko ni kujibu kwa sufuria! Unatakiwa ujibu kwa maana: kazi yenye wasimamizi wengi huharibika!

— Kamusi, mimi ni mpishi! akasema Shangazi kwa hasira, na sauti yake ikakatika. Mtu akinitajia supu, mimi naona supu. Nifanyeje?

Birika alijifanya anatafuta kijiko. Shangazi alifuta macho kwa upande wa kiganja, akaigeuza karatasi, akasema:

— Tena. Tuanze upya. Kiazi.

Wakaanza upya. Mara ya pili alikosea matano, mara ya tatu manne. Mara ya nne Spana alianza kukosea yeye, na Kamusi akagombana naye kuhusu keki. Shangazi hakucheka wala hakuinuka. Midomo ilikuwa inamcheza kimya kimya, maji ya moto, makaa, jiko la nyuma.

Wakati huo kulikuwa na mwanamke kijana kaketi mwisho wa ubao. Alikuwa amefika katikati ya ugomvi wa keki, akaagiza kahawa, akapakata chupa ya chai kubwa iliyofungwa kwa kanga. Alikuwa akisubiri saa ya kuona wagonjwa, kama wengi wanaokaa pale. Alipomaliza kikombe chake alisogea kidogo.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti. Umechangamka na kahawa? akasema Birika.

— Nimechangamka, asante. Samahani kwa kuwaingilia. Nimewasikia mnamfundisha mama maneno tangu nimekaa. Yeye mwenyewe anataka kuwaambia nini hao watu?

Spana alimtazama Birika. Birika alilitazama birika.

— Anataka kazi, akasema Spana.

— Hiyo wanaijua, kaka. Ndiyo maana wamemwita. Nauliza akishaipata anataka kufanya nini.

— Hilo mimi sijui, akasema Kamusi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumtoza kahawa.

Shangazi alikuwa na jibu lake miaka mingi, ila hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, si kwenye usaili wa kwanza, si wa pili, wala pale kijiweni. Ili kupata muda wa kupumua, akaionyesha ile chupa.

— Umembebea nani, mwanangu?

— Mama yangu. Yuko wodi ya saba. Nimemletea uji.

— Hospitali si wanatoa uji?

— Wanatoa, akasema yule binti. Lakini unafika umepoa, umeshika utando juu. Meno hana, koo linamuuma, wa baridi haupiti. Juzi nilimkuta ameuweka pembeni, ananiambia ameshiba. Mama yangu huyo, anaona haya kusema ana njaa.

Birika aliweka kikombe chini kwa kishindo.

— Binti, angalia unachosema. Unajua unayeongea naye ni nani? Uji huo...

— Mwache, shemeji, akasema Shangazi.

— Lakini...

— Mwache, nimesema! Uji ule naupika mimi, mwanangu. Saa kumi na moja alfajiri kila siku. Na unatoka jikoni ukiwa wa moto, unaunguza mkono.

Yule binti alijishika mdomo.

— Nisamehe, mama. Sikujua.

— Hujakosa. Umesema kweli, akasema Shangazi. Mkosaji ni toroli la chakula. Linaanzia wodi ya kwanza, kwa sababu ya kwanza iko karibu na ofisi za wakubwa. Halafu ya pili, ya tatu, linazunguka korido yote, linangoja lifti. Kufika ya saba saa nzima imekwisha. Na ya saba ndiko wanakolala wazee wasio na meno, wanaoishi kwa uji tu. Wagonjwa wa wodi ya kwanza wana meno na wana wageni, wangeweza kungoja. Nimewaambia wapishi wakuu watatu: pikeni mara mbili, kuna jiko dogo ghorofa ya juu halitumiki, uji wa wodi ya saba upikwe kule kule. Wakaniambia utaratibu ndio huo. Utaratibu! Wa kwanza nilimwambia kwa upole, wa pili nikamwambia kwa upole. Wa tatu nilimpigia kelele, akaniandikia barua ya onyo.

Alikuwa amesimama bila kujua. Kitambaa kilikuwa kimelegea, shingo imemtoka mishipa.

— Unafikiri nakitaka cheo nikaitwe mkuu? Nataka kushika funguo za lile jiko la juu. Basi! Hicho ndicho ninachotaka.

Kamusi akasema polepole, kidole juu:

— Sasa Shangazi, hapo kuna msemo mmoja mzuri sana, wa kukaangwa na...

— Kamusi, akasema Spana, nakuomba kama ndugu yangu. Funga.

— Jaribu kuwaambia hivyo hivyo, akasema yule binti. Kwa Kiingereza chako.

Shangazi alishusha pumzi. Aliikunja ile karatasi ya maneno manane, akaipachika chini ya kikombe ili upepo usiichukue, akasema kwa Kiingereza, neno moja moja, kama anavyopanga sahani:

— Uji unafika baridi wodi ya saba. Wazee hawali. Kuna jiko juu. Nipeni funguo, nitapika pale, na watakula.

Hakukuwa na maji ya moto wala keki humo ndani. Alisita, akairudia tena, safari hii bila kusita.

— Haya, mwanangu, akamwambia yule binti. Saa ya wageni bado, na chupa hiyo imeshakaa. Twende nikupitishe mlango wa jikoni tuupashe, kisha mimi mwenyewe nitampelekea kwa ngazi. Hiyo lifti siingoji.

— Mama, si umetoka zamu?

— Nimetoka. Twende.

Wakaondoka pamoja. Wakati wanapita langoni sauti yake ilisikika bado, kwa Kiingereza, kubwa kuliko inavyotakiwa njiani, mpaka mlinzi akageuka kumtazama. Uji unafika baridi. Nipeni funguo.

— Kuna neno moja kalikosea, akasema Kamusi.

— Umemwelewa? akauliza Spana.

— Nimemwelewa.

— Birika, wewe?

Birika alikuwa akijipangusa macho kwa kitambaa cha vikombe, akisingizia mvuke.

— Shemeji yangu miaka ishirini, akasema. Nimekunywa naye kahawa hapa kila siku ya Mungu, na sikuwahi kumuuliza.

Kamusi alinyoosha kikombe aongezewe. Birika aliinamisha birika, akalitikisa. Kahawa ilikuwa imeisha.