Njuga Zilizodondoka Uwanjani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kabila, wazee wetu, askari wastaafu mlioingia na bendera mchana huu, wapiga ngoma, wachezaji, wageni mliotoka mbali kuja kwenye pow-wow, sherehe yetu ya ngoma ya kiangazi, hapa Ziwa Refu, na nyinyi shangazi zangu mliojipanga mstari wa mbele ili mnione vizuri nikikosea: Boozhoo, nawasalimu nyote.

Kamati imeniita kuniaga baada ya miaka kumi ya kufundisha ushonaji wa magauni ya njuga. Mwenyekiti alipokuwa akinisifu, niligeuka nyuma kumtafuta huyo mtu anayesemwa. Mimi ni Wendell Bigwind, dereva mstaafu wa malori ya magogo. Mtu kama huyo aliingiaje kwenye sindano? Aliingia kwa ubishi, na ni haki yenu mjue.

Mshonaji alikuwa mke wangu Arlys, huyu hapa kulia kwangu. Majira ya baridi, miaka kumi iliyopita, alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande, naye akajifungia ndani. Wageni wakija, alihamia chumbani. Mjukuu wetu Dannette, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alitaka kumchezea bibi yake kwenye pow-wow ya kiangazi hicho, maana gauni la njuga huchezwa kwa ajili ya wagonjwa, na alitaka bibi awepo amwone. Lakini gauni Arlys alikuwa amelikata tu kabla ya kuugua, halijashonwa. Arlys akasema, "Msinisumbue. Siendi kutazamwa."

Basi nikasema nitashona mimi. Miaka thelathini nimefunga minyororo ya magogo, kitambaa kingenishinda? Kilinishinda. Mkono mmoja wa gauni niliushona pamoja na suruali niliyokuwa nimeivaa. Njuga za bati, ambazo zinatakiwa zikaribiane ili zigongane, nilizitawanya kama nyumba za watu wasiosemezana. Arlys alinitazama siku tatu, ya nne uvumilivu ukamwishia.

"Wendell, hiyo ni sindano, si bisibisi."

"Mbona inashika."

"Inashika nini? Suruali?"

Asubuhi ya pow-wow nilimwonyesha kazi yangu kwa majivuno. Akaigeuzageuza kwa mkono wa kushoto. Halafu akasema, "Nitafutie viatu vyangu. Watu wakiliona hili watadhani nimelishona mimi. Lazima niwepo nikanushe."

Ndivyo alivyotoka nyumbani baada ya miezi mitano. Nilikuwa nimembembeleza, nilikuwa nimelia, yote bure. Kilichomtoa ni aibu ya mshono wangu.

Ngoma ikaanza. Dannette akaingia uwanjani, na kwenye hatua ya tatu njuga ya kwanza ikadondoka. Ikafuata ya pili. Kufika nusu ya mzunguko alikuwa akimwaga bati nyuma yake kama lori lililofungwa vibaya, na malori ya namna hiyo mimi nayajua. Nilitamani kukimbilia msituni. Mtoto hakusimama. Alicheza huku akimtazama bibi yake, mpaka ngoma ikanyamaza.

Ndipo wanawake waliokuwa wakicheza nyuma yake walipoinama kwenye nyasi na kuokota. Wakaja mmoja mmoja mpaka kwenye kiti cha Arlys, wakamwekea zile njuga mapajani, na kila mmoja akamsalimia kwa jina. Walikuwa wale wale aliokuwa akiwakimbia tangu baridi.

"Arlys, hili umeshona wewe?" shangazi Bernadine akamwuliza.

"Mimi? Mwulize dereva."

Akacheka, kwa mdomo wake ule ule wa upande, mbele ya watu wote. Mimi nikageukia pembeni, nikajifanya nakagua kamba za hema.

Wiki iliyofuata watatu kati yao walikuja nyumbani wafundishwe. Arlys akafundisha kwa maneno, mimi nikawa mkono wake wa kulia. Hiyo ndiyo miaka kumi mnayoisifu: maarifa ni yake, vidole vilivyotobolewa ni vyangu. Kwa hiyo blanketi hili zuri la heshima mliloniwekea mabegani, naomba ruhusa nimvishe mwenye kazi.

Kuanzia Jumatatu darasa ni la Dannette. Nilimwomba niendelee kumsaidia. Akaukagua mshono wangu wa juzi, akaniandikisha kwenye kundi la wanaoanza, pamoja na watoto wa miaka tisa. Nimekubali.

Miigwech, ndugu zangu. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na kwa kila njuga mliyoiokota.