Karatasi Tatu za Levina Silasi Ngollo

"Shangazi, mbona wewe huna mtoto?"

Swali hilo aliulizwa marehemu Levina Silasi Ngollo mwezi Desemba mwaka 2016, hapa hapa Goweko, wakati wa kubangua karanga za mbegu. Aliyeuliza ni Julieth, binti wa kaka yake Ezekia, aliyekuwa na miaka minane na bado hajui maswali gani watu wazima huyameza. Bibi yake, Jenifa, alimkata jicho. Levina alicheka, akamtia mtoto karanga mdomoni, akasema, "Tafuna kwanza." Jibu lilikuja baada ya miaka karibu tisa.

Levina alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1986, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Silasi Ngollo na mama Jenifa. Alizaliwa nyumbani, siku ambayo baba yake alikuwa anafunga mitumba ya tumbaku, na mzee alikuwa akisema huyu binti alikuja na harufu ya jani puani. Huenda ni kweli. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa anafumbwa macho kwa kitenge, anapewa jani mkononi, anataja daraja lake kwa kulipapasa tu. Vijana wa banda la tumbaku walikuwa wanamletea jani la mgomba wakidhani watamnasa. "Hili mpelekeeni mbuzi," alikuwa anawaambia, kitambaa kikiwa bado usoni.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, kisha sekondari mjini Tabora, 2001 hadi 2004. Alipenda sana Baiolojia. Kidato cha tatu walipofika kwenye mada ya uzazi na magonjwa ya zinaa, mwalimu alifunga kitabu akasema, "Hii mtajisomea." Levina alinyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, na kwenye mtihani utatuambia tujisahihishie?" Alichapwa viboko viwili. Miaka ishirini baadaye, Julieth naye alipofika kwenye mada hiyo hiyo, katika shule nyingine, kitabu kilifungwa vile vile. Ina maana kuna vizazi viwili vya wanafunzi katika familia moja vilivyoambiwa vijisomee jambo ambalo lingeweza kumwokoa mtu.

Baada ya shule Levina aliajiriwa kuchambua tumbaku katika chama cha msingi cha wakulima. Tarehe 6 Septemba 2008 alifunga ndoa ya kanisani na mfanyabiashara wa Puge, Nzega. Jina la mume huyo wa kwanza halimo katika wasifu huu kwa agizo la marehemu mwenyewe, aliyesema, "Ana watoto wanaosoma, hao hawana kosa." Mume huyo alikuwa ananunua mpunga na alizeti kwenye minada, kutoka Nzega kuja Tabora, kwenda Urambo hadi Kaliua, karibu njia ile ile ya wapagazi wa misafara ya zamani. Alikuwa akiondoka wiki mbili, tatu. Mkewe alibaki Puge analima shamba la wakwe.

Mwaka ukapita, wa pili ukapita, mtoto hakuna. Hapo ndipo alipoanza kupewa majina. Mama mkwe alikuwa anasema hadharani, "Nyumba hii analia kuku tu." Wakamwambia ana chango, ule ugonjwa wa tumbo unaosemwa unafunga uzazi, kwa hiyo wakamchemshia mizizi, chungu baada ya chungu, akanywa mpaka midomo ikabadilika rangi. Tumbo la chini lilikuwa linamuuma, akaambiwa hiyo ndiyo dalili dawa inafanya kazi. Kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemuuliza mume kama naye ameonwa na daktari. Mwezi Februari 2014 alirudishwa kwao na godoro lake, akashushwa barabarani kama mzigo ulioandikwa anwani vibaya. Mume akaoa mwingine, akapata watoto, na hao watoto ndio wakawa ushahidi: mmeona, tatizo lilikuwa Levina.

Miaka minne alitembea Goweko akiitwa mgumba. Aliitwa kisimani, aliitwa bandani, na mwanamke mmoja alimnyang'anya mtoto mchanga mikononi kwenye ubatizo, eti mikono yake mikavu. Levina alikunja mikono ile kifuani, akaimba nyimbo zote mpaka ibada ilipokwisha.

Tarehe 9 Mei 2018 alimsindikiza mama yake zahanati kupima presha. Muuguzi, dada Asmahani, alikuwa amehamia siku chache tu akitokea upande wa Nzega. Aliandika jina la bibi, akaandika la msindikizaji, kalamu ikasimama.

"Levina Silasi. Uliwahi kuishi Puge?"

"Ndiyo, dada. Niliolewa huko."

"Kumbe ndiye wewe." Asmahani aliweka kalamu chini. "Mwanamke mkaidi wewe. Nimekuita mara tatu hukuja."

"Uliniita wapi?"

"Si nilikuandikia karatasi? Mwaka 2009 mara mbili, 2010 mara moja. Karatasi ya mwenza, ina jina lako, mwenzako akuletee uje utibiwe. Kila akirudi ananiambia umekataa, umesema huumwi. Nikaandika kwenye rejista kwa mkono wangu: mwenza hakuja, hakuja, hakuja."

"Karatasi gani?" Levina akauliza.

Bibi Jenifa anasema hapo dada Asmahani alishika mdomo. Alifunga mlango. Akavuta kiti, akakaa upande wa wagonjwa, akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikutukana miaka minane bila kukujua."

Ndivyo Levina alivyopata habari za mwili wake mwenyewe, akiwa na miaka thelathini na mmoja, kwa bahati ya uhamisho wa muuguzi.

Sasa yaelezwe wazi, maana marehemu alikuwa anayaeleza wazi, hata kwa kuchora na kijiti ardhini. Kisonono kikimpata mwanaume mara nyingi kinampigia kelele: mkojo unachoma, usaha unatoka, mtu anakimbilia zahanati. Kwa mwanamke mara nyingi kinaingia kimya. Hakimuumi, au kinamuuma kidogo tu kama maumivu ya mwezi. Klamidia nayo ni hivyo hivyo, na hiyo hata wanaume wengi haiwapigii kelele. Magonjwa hayo yanaanzia kwenye mlango wa kizazi, yanapanda kwenye mfuko wa uzazi, yanafika kwenye mirija, ile miwili myembamba anayopita mtoto kabla hajawa mtoto. Huko yanawasha moto. Moto ukipoa unaacha makovu. Kovu la gotini halimzuii mtu kutembea, lakini kovu la ndani ya mrija linafunga njia. Na dawa ipo. Ni tiba fupi, sindano na vidonge, ila lazima watibiwe wote wawili, la sivyo mmoja anamrudishia mwenzake. Ndiyo maana yule mume alirudi zahanati mara tatu. Kila mara alitibiwa yeye, akapona yeye, akaikunja karatasi ya mkewe akaiweka mfukoni, kwa sababu kuitoa kungemlazimu kusema ugonjwa kautoa mnada gani.

Alikuwa anakula chakula alichopika Levina. Alikuwa anamwona anakunywa mizizi. Alijua.

Mwezi Agosti 2018 Levina alikwenda Mwanza kupigwa picha ya mirija. Wa kulia ulikuwa umeziba kabisa. Wa kushoto ulikuwa umebaki na uwazi mwembamba. Daktari alimwambia mimba haiwezekani kirahisi, na ikitokea inaweza kunasa ndani ya mrija badala ya kufika kwenye mfuko, na mrija haukui, unapasuka. "Siku ukikosa siku zako, usingoje kutapika. Njoo upimwe," alimwambia.

Aliporudi hakulala kitandani kulia. Aliomba kazi ya kujitolea, akafundishwa, akawa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi aliyoichagua ni kupeleka karatasi za wenza. Mgonjwa akikubali, Levina mwenyewe anaipeleka, mkononi mwa mwenye jina. Watu wakamwita Posta, na yeye akaanza kubisha hodi hivyo: "Hodi, posta." Kuna bwana mmoja alijaribu kumzuia mlangoni.

"Shikamoo shangazi. Hiyo niachie, nitampa mwenyewe."

"Marahaba. Utampa saa ngapi?"

"Jioni."

"Basi jioni nitakuja unipe na chai, tumpe wote."

Alikwenda, akanywa chai, mke akapata karatasi, wakatibiwa. Wanandoa hao wana mapacha na leo wapo hapa makaburini, na wameruhusu hili lisomwe.

Kwa miaka saba Levina alipeleka karatasi mia mbili na kumi na nne, kwa wake na kwa waume pia, maana alisema kunyamaza hakuna jinsia. Alitukanwa, akafunguliwa mbwa, akaitwa mvunja nyumba. Alikuwa akirudi anamsimulia mama yake, "Mayo, leo nimekimbia kama nina miaka kumi." Wanacheka wote.

Tarehe 11 Novemba 2022 alifunga ndoa na bwana Ngassa, mfuga nyuki, mjane mwenye watoto wawili. Kabla ya ndoa alimweleza kila kitu, mpaka akamchorea. Ngassa aliangalia mchoro, akasema, "Mimi sijaja kuoa mirija." Wakaenda kupima pamoja. Waliomfahamu wanasema miaka mitatu hii ndiyo iliyomnenepesha.

Mapema Septemba mwaka huu 2025 Levina alikosa siku zake. Alimwambia mumewe, na wakapanga kwenda hospitali ya Kitete, Tabora mjini, kwa altrasaundi Jumatatu, tarehe 15. Alikuwa na hofu na alikuwa na furaha, vyote kwa pamoja. Jumamosi tarehe 13, saa nne asubuhi, Ngassa akiwa kwenye mizinga, Levina alishikwa na maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo, kisha begani, akaishiwa nguvu. Wanawake wa jirani walikuja mbio. Walimpenda, hilo lazima lisemwe. Lakini walisema chango, wakabandika sufuria jikoni.

"Si chango," Levina aliwaambia. "Mrija umepasuka. Damu inamwagikia ndani. Tafuteni gari."

"Tulia mama, unywe kwanza, utapata nafuu."

"Nimekunywa miaka minne. Gari."

Waliosimulia hayo ni wao wenyewe, wakilia. Sufuria ilichukua saa nzima na nusu. Gari lilipopatikana Ngassa alikuwa amefika na kumbeba mwenyewe. Levina alifariki njiani, saa saba na dakika arobaini mchana, kabla ya kufika Tabora mjini, akiwa na miaka thelathini na tisa. Madaktari walithibitisha alichokisema: mimba ilitunga kwenye mrija wa kushoto.

Jana kwenye kikao cha familia iliombwa iandikwe tu kwamba aliugua ghafla, na kwamba Mungu hakumjalia mtoto. Mjomba mmoja alisema mambo ya chumbani hayasomwi makaburini. Bibi Jenifa alimgeukia. "Mwanangu mlipomwita mgumba, mlimwitia chumbani? Si mlimwitia kisimani na kanisani? Basi na hili lisomwe mbele ya watu hao hao." Kikao kikafungwa.

Marehemu ameacha mume, bwana Ngassa. Watoto wawili wa Ngassa waliomwita mama. Mama yake mzazi, Jenifa. Kaka na dada zake wanne, akiwemo Ezekia anayeusoma wasifu huu. Wapwa na watoto wa kaka kumi na mmoja. Na karatasi tatu ambazo hazijapelekwa, zimo kwenye mkoba wake. Dada Asmahani amezichukua, na zitafika wiki hii.

Alale salama Levina, na jina lake nalo lilale salama, lisichokozwe tena na mtu.

Lile swali la mwaka 2016 alilijibu mwezi Juni mwaka huu. Yeye na Julieth walikuwa wanarudi kwa miguu kutoka kumzika mama mmoja mzee, ambaye wasifu wake ulisema Mungu hakumjalia mtoto. Levina alisimama katikati ya njia, akavua viatu akakung'uta mchanga, na bila kuulizwa mara ya pili akasema:

"Uliniuliza mbona sina mtoto. Mimi nilijaliwa, Julieth. Siku naolewa mirija yangu yote miwili ilikuwa mizima. Mtu aliijua dawa, akaikalia. Wakija kuniandika mimi, wasimsingizie Mungu."