Kalume Cikuru, Aliyeikataa Damu ya Askari

Wapendwa katika Bwana, tunayemzika leo ni mwalimu Kalume Cikuru. Mjane wake ameniagiza nisilainishe neno, nami kaka wa marehemu nimetii.

Alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 9 Agosti 1951. Mwaka 1964 vita vilituvusha Ziwa Tanganyika na wazazi wetu, akashuka hapa Rumonge, Burundi, na kiatu kimoja. Cha pili alikuwa amemrushia mbwa wa Uvira.

Alisoma shule ya msingi hapa, sekondari Bujumbura, akapata diplome ya ualimu mwaka 1974. Mimi nilikwenda seminari. Alisema Kilatini changu kilifaa kwa majina ya samaki tu.

Alifundisha biolojia kwa miaka ishirini na minane. Mapema mwaka 2002 alisoma katika jarida la Kifaransa, akawaeleza wanafunzi wake, kwamba kila chembe ya mwili hutengeneza mjumbe wa kutangaza upungufu wa hewa, na hewa ikiwa tele humwua papo hapo. Hewa ikipungua, mauaji husimama. Mjumbe huishi, na figo huagiza damu zaidi.

“Kumbe hata mule ndani iko vita, Monsieur?” mwanafunzi aliuliza.

“Iko. Lakini mule wanajua wakati wa kuacha.”

Tarehe 16 Juni 1979 alimwoa Consolée. Mungu aliwapa Samy, na baada ya kungoja sana, Schékinah. Mwezi Mei 2000 Samy alipigwa risasi na askari, akafa ufukweni Magara, alikokwenda kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Baba yake alimrudisha mwenyewe, juu ya gari la mawese.

Mwishoni mwa 2002 presha iliharibu figo za marehemu. Zilipokufa, hakukubaki wa kuagiza damu. Mwezi huu, hospitalini, alihema kama mtu anayezama, naye amelala karibu na dirisha lililo wazi, upepo wote wa ziwa ukimpiga usoni. Daktari alisema damu ingemshikilia hadi barabara ya Bujumbura, iliyofungwa na vita, ifunguliwe apelekwe huko. Kundi lake la damu ni adimu. Mtoaji alipatikana mmoja. Marehemu alimwuliza muuguzi Heri mtoaji huyo ni nani.

“Askari wa kambi, Mwalimu. Ametoa kwa hiari.”

“Irudishe.”

“Baba Samy, iko damu tu,” Consolée alimsihi. “Si wewe unafundisha watoto hivyo?”

“Chembe zangu haziulizi imetoka wapi. Miye nauliza.”

“Na Schékinah je?”

Aligeukia ukuta. Nilimsalia kwa Kilatini. “Kaka,” alisema, “hata Mungu umemchosha.” Mfuko ule alipewa mama aliyetoka kujifungua, yu hai, ananyonyesha. Kalume alikata roho tarehe 17 Septemba 2003, baada ya siku tatu za kupigania pumzi, vidole vyake vimegeuka rangi ya majivu. Barabara ilifunguliwa kesho yake.

Ameacha mjane wake Consolée, nami kaka yake, na binti yake Schékinah, miaka kumi, aliyeketi mbele yenu. Jana mtoto huyu alituuliza: “Kama ni mie nilikufa, na Samy iko muzima, Papa angekataa?”

Ee Bwana, Kalume umpe amani. Mtoto umpe jibu.