Themelina Glynatsi, Mpiga Mbizi wa Jiwe (1983–2024)

Wasifu huu unasomwa na kaka yake, Sakellaris, leo Jumamosi tarehe 26 Oktoba 2024, hapa kanisani Pothia, kisiwani kwetu. Mama alitaka usomwe na mwanamume wa nyumbani, na mwanamume wa nyumbani aliyebaki ni mmoja. Wenye karatasi mnaweza kufuatilia. Kuna mahali karatasi itaishia na msomaji ataendelea, kwa hiyo msihangaike kugeuza kurasa.

Themelina alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Februari 1983, katika nyumba ya ngazi za buluu nyuma ya soko la samaki. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Nomikos Glynatsis, mzamiaji aliyechuma sponji chini ya bahari, na mke wake Kalotina. Kwa kuwa alikuwa binti wa kwanza, nyumba ile ikawa yake tangu siku hiyo, kama ilivyo desturi yetu, na kaka yake wa miaka minne akageuka mpangaji bila kuambiwa. Mguu wa kushoto wa baba yao ulikuwa umeshapooza. Aliibuka upesi mno kutoka kina kirefu, pwani ya Libya, mwaka 1971. Alimlea binti yake huku akichechemea, na mtoto akauzoea mwendo ule kiasi kwamba alipobebwa na mtu mwenye miguu mizima alikuwa akilia.

Alianza shule ya msingi hapa mjini Septemba 1989 na kumaliza sekondari Juni 2001. Hakuwa mwanafunzi hodari, na si heshima kwa marehemu kumsingizia alama asizozipata. Kipaji chake kilijulikana mahali pengine. Kila Jumamosi ya kuwaombea wafu, padre anaposoma majina ya waliokufa, yeye na kaka yake walikuwa wakibana pumzi ukutani pale nyuma, waone nani atafika jina la mbali zaidi. Mnajua orodha yetu ilivyo ndefu, na mnajua wengi waliomo walikufia wapi. Kaka yake aliishia jina la ishirini, uso umemwiva. Themelina alivuka arobaini.

"Umepumua kwa pua, nimekuona!" Themelina alikuwa akimnong'oneza kaka yake.

"Sijapumua, we!"

"Pua yako imecheza kama ya sungura. Rudi mwanzo, mwizi mkubwa!"

Mama aliwafinya wote wawili, mmoja kila mkono, bila kuacha kuimba.

Oktoba 2001 alikwenda kisiwa cha Rodo kusomea ualimu. Alirudi Mei 2003, baba alipozidiwa, na hakwenda tena. Kwa miaka mitano alifanya kazi katika karakana ya sponji karibu na bandari, akizipunguza kwa mkasi mkubwa wa kunyolea kondoo mpaka zikawa duara za kupendeza watalii. Mikono yake ilinuka chumvi na dawa siku zote. Jioni alikwenda ghuba ya Vlychadia na baba, naye baba, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki majini mpaka magotini, alimfundisha kuzama kwa jiwe kama walivyozama wazee wake: jiwe bapa la kilo kumi na mbili mikononi, kamba imefungwa kwenye jiwe, hakuna mapezi, hakuna mtungi wa hewa, hakuna chochote ila pumzi moja. Jiwe linakushusha. Ukifika chini, unasimama juu yake, na mwenzako aliye juu anakuvuta kwa mikono. Baba alisema neno moja kwa watoto wake wote wawili, nao hawakulisahau: "Kushuka hata mfu anashuka. Anayekupandisha ndiye ndugu yako."

Mwaka 2008 Themelina alifungua shule ndogo ya kuzama kwa jiwe pale pale Vlychadia. Alikuwa mwalimu mkali. Wageni walikuja na saa za bei mbaya mkononi, naye aliwaambia wazivue kwanza, wajifunze kuogopa. Alishinda mashindano ya visiwa mwaka 2009, 2013 na 2014, na katika mashindano yote hayo aliyeshika kamba yake alikuwa kaka yake.

Tarehe 19 Septemba 2010 aliolewa na Drosos Vouros, mwokaji mikate kutoka kisiwa cha Leros. Walikutana dukani. Drosos alimuuliza anataka mkate gani, yeye akawa kimya, na kijana wa watu akadhani anadharauliwa. Kumbe bibie alikuwa amebana pumzi, akifanya mazoezi kwenye foleni. Drosos amesimulia kisa hicho mara nyingi kuliko tulivyoomba, na leo tunamwomba aendelee. Baba alifariki Machi 2011. Tarehe 3 Novemba mwaka huo huo akazaliwa binti yao wa pekee, akapewa jina la bibi yake, Kalotina.

Sasa ni lazima kueleza sheria moja, kwa sababu wasifu huu hauwezi kuiruka. Katika mashindano, kufika chini hakutoshi. Ukitoka majini una sekunde kumi na tano za kuthibitisha kwamba bado una akili zako: uvue kibano cha pua, ufanye alama kwa vidole, useme kwa sauti, "Niko sawa." Maneno hayo, si mengine. Na mtu yeyote akikugusa kabla ya hapo, hata kwa kidole, safari yako yote imefutwa.

Agosti 2017, Vlychadia, Themelina alishuka mita hamsini na sita. Alipotoka midomo ilikuwa ya zambarau na kichwa kilimtikisika. Katika sekunde ya kumi na moja kaka yake alimshika kwapani. Mwamuzi akainua kadi nyekundu.

"Nilishafungua mdomo!" alimfokea kaka yake. "Nilikuwa navuta pumzi niseme!"

"Ulikuwa unazimia, dada."

"Nani alikwambia? Wewe ni daktari? Umeninyang'anya mbele ya watu!"

Hawakusemeshana kuanzia Agosti hadi Pasaka, wakipishana kwenye ngazi zile zile. Jumapili ya Pasaka, tarehe 8 Aprili 2018, alikuja kwa kaka yake na sufuria ya mwanakondoo aliyejazwa wali. Huko milimani vijana walikuwa wakilipua baruti za Pasaka, kama ilivyo desturi yetu, na vioo vya madirisha vilikuwa vikilia.

"Kula," alisema. "Lakini kwanza niapie."

"Nikuapie nini?"

"Kwamba hutanigusa tena mpaka mwamuzi aseme muda umekwisha. Hata nikiwa rangi gani."

Mama, aliyekuwa akikata mkate, alisema, "Leo si siku ya kuapa, nyie watoto. Kuleni." Walimcheka. Kaka yake aliapa, vidole vimejaa mafuta, akala, na alifurahi sana kwamba dada yake amerudi. Angeapa chochote siku ile.

Jumamosi tarehe 5 Oktoba mwaka huu, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mashindanoni, Themelina alishuka mita sitini na moja, kina ambacho hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kukifikia. Alitoka baada ya dakika moja na sekunde hamsini na nane. Alitoa ishara, kisha akazimia. Alipelekwa Athens kwa helikopta, na huko, baada ya siku kumi na tisa, Alhamisi tarehe 24 Oktoba, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, aliiaga dunia.

Karatasi yenu inaishia hapo, kabla ya majina ya waliobaki. Yanayofuata ni yangu.

Wengi wenu mmenishika mkono mlangoni mkaniambia alikufa akifanya alichokipenda. Nawashukuru, lakini si kweli. Alikufa kitandani, mrija kooni, nywele zimenyolewa upande mmoja, katika chumba kisicho na dirisha. Kucha zake zilikuwa zinakua. Drosos alizikata. Dada yangu hakukipenda kitu chochote kati ya hivyo.

Jana mchana nilimsomea mama wasifu huu jikoni. Alikuwa ameitandaza kwenye taulo ngano ya wafu, ile inayochemshwa na kugawiwa baada ya ibada, anaichambua. Niliposoma "alitoa ishara, kisha akazimia," mkono wake ulisimama.

"Umeruka," alisema.

"Nimeruka nini, mama?"

"Nimeishi na mzamiaji miaka thelathini na minne. Mtu akitoka majini anasema kitu. Alisema nini?"

Mpwa wangu Kalotina aliniuliza hivyo hivyo kwenye ujia wa hospitali, siku ya tatu. "Mjomba, mama alisema nini alipotoka?" Nikamjibu, "Alisema yuko sawa." Akaniuliza, "Alicheka?" Nikasema alicheka kidogo. Tangu siku ile amewaambia wenzake shuleni, na mwalimu wake amenisimulia mimi, kama habari njema. Nilikaa na uongo huo zaidi ya wiki mbili. Jana nilimwambia mama ukweli. Hakulia. Alitoa kokoto moja kwenye ngano, akaiweka pembeni, akasema, "Kayasome kanisani. Mtoto asije akayasikia sokoni."

Kalotina, mwanangu, sikiliza. Mama yako alitoka akiwa ameshika kamba. Alivua kibano. Akafanya alama kwa vidole, vizuri kabisa. Waokoaji wawili waliokuwa majini walipoiona ile alama walivua miwani, kwa sababu anayetoa alama kwa kawaida ameshapona. Yalibaki maneno tu. Mimi nilikuwa juu ya mashua, mikono yangu ilikuwa umbali wa mkate mmoja kutoka begani kwake. Alinitazama. Hakucheka. Alisema, "Kaka."

Alilisema wazi. Nililisikia, na mwamuzi alilisikia. Lakini halikuwa neno la sheria, na mimi nilikuwa nimeapa, na zilibaki sekunde saba, na mita sitini na moja zilikuwa zimeshapatikana. Nikamfokea, "Maneno, Themelina! Sema maneno!" Hilo ndilo jibu nililompa. Nikaendelea kuhesabu, macho kwenye saa ya mwamuzi. Mwamuzi aliposema muda umekwisha nikanyoosha mkono, kamba ilikuwa tupu. Alikuwa ameteleza bila hata kupiga maji. Mkondo ulimpeleka chini ya mashua, waokoaji wakamtafuta upande usio wake, na walipompandisha kutoka mita ishirini na mbili zilikuwa zimepita karibu dakika nne.

Watu wa mashindano wameandika kwamba taratibu zote zilifuatwa. Ni kweli. Nilizifuata mimi.

Nimejiambia kwamba ningemgusa angenichukia. Labda. Angekuwa nyumbani sasa hivi ananichukia, anapita kwenye ngazi bila kunisalimu, na mimi ningekuwa mtu mwenye bahati kuliko wote kisiwani. Wanafunzi wake mko hapa, nimewaona nyuma. Mtu akiwaomba muape kama nilivyoapa mimi, kataeni, anune mpaka Pasaka zote zipite.

Themelina ameacha mama yake, Kalotina. Mume wake, Drosos. Binti yake, Kalotina, atakayetimiza miaka kumi na mitatu Jumapili ya tarehe tatu. Shangazi zake wawili, Sevasti na Mikina. Na kaka mmoja, aliyeitwa asiitike.

Mungu ampokee mara moja, asimsubirishe kama nilivyomsubirisha mimi. Alale salama.