Historia ya Emrys Pritchard, Aliyetaka Nisiruke Kitu

Ndugu, jamaa na marafiki, naitwa Déogratias, mdogo wake Generosa, mke wa marehemu, na naona haya kusimama mbele yenu, ila ni yeye mwenyewe aliyenichagua.

Emrys Pritchard alizaliwa tarehe 9 Mei 1938 katika bonde la wachimba makaa ya mawe, kusini mwa Wales, akasoma hadi miaka kumi na mitano, kisha akamfuata baba yake shimoni. Mwaka 1971 wachimbaji walimchagua kuongoza chama chao, na mgomo mkubwa wa 1984 ulipoanza alisimama getini mwaka mzima, na ndugu yake wa tumbo moja alipouvunja kwa kurudi kazini, hakumsalimia tena mpaka siku ya kumzika, kwa sababu kwao ndiyo desturi.

Shimo lilipofungwa alihamia London, akachaguliwa diwani hapa Neasden mwaka 1994, na ndipo dada yangu alipoingia ofisini kwake kuomba msaada wa karatasi zangu za ukimbizi. Walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1996, wakajaliwa binti mmoja, Miradie, na karatasi zangu zilitoka kwa sababu yeye alizifuatilia kwa miguu yake.

Sasa nafika Februari 2003. Sisi wasafishaji wa maofisi tuligoma, kwa kuwa mwenzetu Mama Bijou alifukuzwa kwa kuugua, na marehemu, mapafu yakiwa yameshajaa vumbi la makaa, alisimama nasi kwenye baridi siku tisa. Siku ya kumi nilipita mlango wa nyuma, nikashika ndoo, wengine wakanifuata, mgomo ukafa, na Mama Bijou hakurudishwa kazini. Niliogopa, basi, sina sababu nyingine. Tangu hapo tulikula meza moja miaka mitatu, na hata chumvi aliniomba kupitia kwa Miradie.

Alilazwa Januari 2006, na wiki ya mwisho akaniita, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, neno lake la kwanza kwangu tangu mlango ule: "Shemeji, historia yangu utasoma wewe. Usiruke kitu." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi.

Familia inawashukuru madaktari, majirani, madiwani wenzake, na wewe Mama Bijou, uliyekuja nyumbani kumwona kila Jumapili kabla hajalazwa, nami nikijificha jikoni mpaka uondoke. Nisamehe, mama.

Pumzika kwa amani, shemeji, sikuruka kitu.