Bwana Afya Aliyekula Udongo

Baada ya miaka ishirini na mitano katika idara yetu ya afya hapa Nyeri, Bi Magdaline Wakonyo anastaafu tarehe 30 Juni 1989. Alipoajiriwa mwaka 1964 alikuwa mwanamke pekee ofisini. Wananchi walizoea kumwita mkaguzi yeyote Bwana Afya, basi naye akaitwa hivyo hivyo, na mumewe, Mzee Ngatia, amevumilia utani huo mpaka leo.

Amekagua mabucha, amefunga hoteli chafu, na wachuuzi wa Karatina walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kufagia. Sisi wenzake tulinawa mikono hata kabla ya kushika faili. Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ya mwaka 1974.

Mwaka huo watoto wengi wa mtaa wa Majengo waliumwa tumbo na kupungukiwa damu. Tulishuku karakana moja ya jirani iliyoyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu za magari. Tukapima maji, maziwa na sukumawiki, tusipate kitu. Ndipo Magdaline akasema, "Mmesahau udongo. Ile tunakula tukiwa na mimba." Sisi wanaume tukatazamana. Akafungua mkoba akatoa bonge lake, lililochimbwa kwenye ukingo nyuma ya karakana ile ile. Akina mama waliusifu udongo huo kuliko wa kwingine, ati uko na uchachu kidogo, na watoto nao walimegewa. Magdaline mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Majibu ya maabara yalipotoka Nairobi, udongo ulikuwa umejaa risasi, sumu inayodhuru damu na akili ya mtoto, hata aliye tumboni. Magdaline alilia mbele yetu sote. Kisha akafuta machozi, akaenda Majengo siku hiyo hiyo, nyumba kwa nyumba, akiwaambia wanawake kwamba hata yeye ameula. Walimsikiliza kwa sababu hiyo, mimi wangenifukuza. Mwenye karakana alibisha sana, lakini wanawake wa mtaa walipomjia kwa pamoja alikubali kuhama. Udongo wa ukingo ule ulichimbwa wote ukazikwa mbali na watu. Watoto walitibiwa, na wengi walipata nafuu.

Binti yake, Kagure, alizaliwa salama. Hata hivyo mama mtu hakupata amani, maana madhara ya risasi huweza kuonekana mtoto anapoanza kujifunza. Hakuna siku aliyoiogopa kama ile ya kumpeleka darasa la kwanza.

Sasa Kagure yuko kidato cha kwanza. Nilimpa makala haya ayapitie kabla ya kupigwa chapa, akanirudishia yakiwa na wino mwekundu kila mahali. Sijawahi kufurahia kusahihishwa namna hiyo.

Asante sana, Magdaline. Nenda Giakanja ukapande viazi vyako, ulale mpaka jua lipande, na nyumba yako isikose wageni. Tunakuombea miaka mingi ya raha na afya njema.