Mazishi Niliyosimuliwa Kwenye Benchi

Tumsifu Yesu Kristo! Haya, mmeitikia vizuri. Mimi Mlutheri, lakini salamu hii imenikaa mpaka nikifika nyumbani namsalimia bibi hivyohivyo, naye ananiuliza, "Wewe mtoto, huko wamekubatiza upya?" Wazazi wetu, shikamooni. Masista, shikamooni. Wenzangu wa kidato cha nne, mambo? Sista mlezi ametaka anayependa aseme mwaka huu wa mwisho umempitia vipi. Wenzangu wamesema habari za netiboli na maharage yenye wadudu, mmecheka. Mimi sitawachekesha sana. Naomba mnivumilie tu.

Natoka mlimani Meru, kwenye kahawa na migomba. Nilipokuwa mdogo kahawa ndiyo ilituvisha. Halafu wakasema biashara ni huria, wanunuzi wakaja na magari yao, wakaahidi makubwa, na bei ikaporomoka vilevile. Baba alibaki anaiangalia mibuni. Mama hakubaki. Alishuka mjini akaanza kuuza mitumba soko la Levolosi, na ada yangu ikatoka kwenye mabelo yale ya nguo. Mama yangu alikuwa na mdomo, jamani! Mteja akilalamika shati linambana, anamwambia, "Shati halina kosa, dada. Punguza ndizi." Na mteja ananunua. Huu mdomo nilionao sikuuokota njiani.

Sasa, Jumapili ya wazazi, ile ya kabla ya moko, mtihani wetu wa majaribio, mama hakuja. Alikuja baba peke yake, na hotipoti ya loshoro, ule mseto wetu wa mahindi na maziwa ya mgando. Nikamuuliza, "Mama yuko wapi?"

"Yuko Moshi tangu jana jioni, kwa mama yako mkubwa. Kifua kinamsumbua, anatibiwa huko."

Nikaonja loshoro. Nikamwambia, "Baba, mwambie mama mkono wake umeharibika. Maziwa mengi mno."

"Nitamwambia."

"Na mwambie akipata soksi nyeupe kwenye belo aniwekee."

"Nitamwambia," baba akasema, akaanza kufunga hotipoti kabla sijashiba.

Ndugu zangu, nawaambia, siku hiyo mama alikuwa ameshazikwa. Loshoro alipika shangazi.

Wazazi, msijifanye hamuijui desturi hii. Mtoto akiwa na mtihani, msiba unafichwa. "Msimwambie, atafeli." Ukoo ulikaa, ukaamua, na hata hapa shuleni hawakuambiwa kitu. Nikafanya moko yangu, nikafaulu vizuri tu. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwamba nilifaulu.

Likizo ilipofika nilifika nyumbani mchana. Nikaanza kumwita mama tangu njiani, kama kawaida yangu. Bibi akatoka jikoni, akanishika mkono akanipeleka mgombani. Pale palikuwa na udongo umeinuka, na masale, mimea yetu ya makaburini, yamepandwa pembeni, yameshatoa majani mapya. Nikauliza, "Bibi, hili kaburi la nani?" Kwa kweli nilidhani ni la mzee fulani wa ukoo. Bibi akaketi chini akalia, na hapo nikaelewa.

Mimi sikulia. Nilimfuata baba kwenye zizi nikamwambia, "Ulisema utamwambia." Tangu hapo sikusema naye tena, hata salamu. Nilirudi shuleni bila kumuaga.

Na nilirudi na mama. Sijui niwaelezeje ili msinione nimechanganyikiwa. Mtu usipomwona akizikwa, kwako hajazikwa. Niko bwaloni na bakuli langu, nasikia naitwa kwa nyuma, kwa Kimeru, kwa jina langu la utotoni ambalo hapa hakuna anayelijua. Nageuka, naona foleni ya uji tu. Tukipelekwa mjini namwona mwanamke mbele yangu na sketi ya mistari, ileile, namkimbilia, namshika bega, ni mama wa watu. Ananiuliza, "Vipi mwanangu?" Nitamjibu nini? Labda sketi ile aliuziwa na mama mwenyewe. Nguo za mama yangu zimevaliwa na mji mzima, Sokon mpaka Lemara. Niambieni, ningepita wapi nisikutane naye? Niliogopa sana. Na siku ambayo sikuitwa, niliogopa zaidi.

Jirani yangu wa kitanda, Mchaga mmoja mbishi, yuko pale anajificha nyuma ya mwenzake, alikuwa ananiona nageuka geuka. Akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Nikamwambia aniache. Hakuniacha. Alinivuta mkono mpaka ofisini kwa Sista mlezi, akasema, "Sista, huyu hali chakula, na anaitikia watu ambao hawapo."

Basi nikalipuka. Nikasema, "Sista, mimi mtihani wa taifa sifanyi. Mama yangu alizikwa bila mimi kwa ajili ya mtihani. Nikiufanya, ni kama nimesema walifanya vizuri." Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu. Nilijua ninachotupa, ada yote ile ya mama, na sikujali.

Nilitegemea mahubiri. Sista akaniuliza tu, "Mazishi yalikuwaje?"

"Sijui."

"Hakuna aliyekusimulia?"

"Hapana."

Akasema, "Sanduku liache limefungwa hivyohivyo. Kwanza tumwite baba yako."

Baba akaja. Kwetu yeye ni mzee wa kanisa, na alidhani anaitiwa sala za marehemu. Akavua kofia, akasema kwa adabu, "Sista, unisamehe, sisi Walutheri hatuombei waliokufa."

Sista akamjibu, "Mzee, sijakuita uombe. Nimekuita umzike mama wa huyu mtoto, yeye akiwepo. Anzia mlipoamka siku ile."

Tukakaa kwenye benchi nje ya kanisa, baba huku, mimi kule, Sista katikati. Baba akaanza kwa kurukaruka: "Tulimzika vizuri, watu walikuja, tukamaliza." Sista akamwambia, "Hapana. Nani alichimba?"

Ndipo akaanza kusimulia. Mama alinyeshewa sokoni, ikawa homa ya mapafu, wakachelewa kumpeleka hospitali. Wajomba walichimba, wakakuta jiwe, ikabidi wasogee karibu na mgomba mkubwa. Alivalishwa gauni la bluu alilolitoa kwenye belo akakataa kuliuza, akisema atalivaa kwenye mahafali yangu. Yaani haya ya leo. Wanawake wa Levolosi walipanda mlima kwa lori, matope tupu, wakalia mpaka mchungaji akasubiri.

Nikasema neno langu la kwanza kwa baba baada ya miezi. Nikamuuliza, "Watoto hutupa udongo. Wangu nani alitupa?"

"Mimi," akasema. "Nilitupa wangu, nikatupa na wako. Nikalitaja jina lako, watu wote wakasikia."

Halafu akasema jambo ambalo hata bibi hakulijua. Asubuhi ile ya mazishi alishuka mpaka hapa shuleni kunichukua. Alifika getini. Tulikuwa paredi, na akaniona nacheka na wenzangu. "Nilisimama nikakuangalia," akasema. "Nikasema, mwache acheke leo. Nikageuka." Baba yangu akalia pale kwenye benchi, kofia usoni. Nilikuwa sijawahi kumwona analia. Nami nikalia, miezi yote ile ikatoka kwa mkupuo, mpaka Sista akatushika wote wawili.

Jioni ile nilifungua sanduku. Mtihani nitaufanya. Lakini sitawadanganya kwamba yameisha. Juzi tu nimeitwa tena, bwaloni. Nilisimama na bakuli langu nikasema kimoyomoyo, "Mama, nilisimuliwa," nikaenda kukaa.

Sista, asante. Hukunihubiria, Mungu akulipe. Wewe Mchaga wangu mbishi, asante kwa kuninyima amani. Bibi na shangazi, asanteni. Baba, uko pale mlangoni nakuona, siku ile uligeukia getini, asante kwa kurudi na kuingia ndani.

Wenzangu, mkiwa na mtu asiyetulia, muulizeni alichokosa kukiona, kisha mtafuteni aliyekiona aje amsimulie.

Na wazazi. Mtihani wa taifa haujafika, na mimi najua namna watu wanavyofikiri. Inawezekana humu ukumbini yuko mzazi aliyekuja leo na habari moyoni, anacheka na mwanawe, amekubaliana na ukoo kwamba asubiri mpaka karatasi ya mwisho. Mzazi wangu, nakuomba kwa heshima zote. Usisubiri. Kabla wali haujapakuliwa, mwite pembeni, mwambie. Ataanguka, ni kweli. Lakini sisi tupo hapa, tutamshika.